Gurudumu Lililonyamaza

Kosa lilianzia Nairobi, mezani kwa ajenti. Alikuwa anajaza fomu yangu haraka haraka kwa sababu foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Akaniuliza, "Ujuzi mwingine, mbali na kuendesha gari?" Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nimekaa nyumbani nikingoja maisha yaanze, na sikutaka kusema sina. Nikamwambia likizo za shule nilikuwa namsaidia babu yangu kwenye kisiagi chake cha maji, kule mtoni kwetu. Kumsaidia, ukitaka ukweli, ilikuwa kushika mdomo wa gunia unga ukiingia. Ajenti akaandika: fundi wa mitambo ya maji. Akapiga mhuri.

Nikasahau kabisa. Nilifika Riyadh nikawa dereva wa nyumba mtaa wa Naseem. Kupeleka watoto shule, madam sokoni, kuchukua watoto shule, madam kwa dadake. Miaka miwili ikapita kwenye barabara zile zile. Mwaka wa tatu nikaanza kuomba likizo. Mama alikuwa ameanza kuniuliza maswali ya ajabu kwa simu. Siku moja aliniuliza, "Siku hizi una urefu gani?" Kama vile niliondoka nikiwa darasa la nne. Nikacheka, lakini baada ya kukata simu sikucheka tena. Bosi nilipomwomba aliniambia baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaja, ikaenda. Nikaomba tena. "Bukra, inshallah." Bukra ni kesho, lakini kesho ya bosi haikuwa kwenye kalenda yoyote niliyoijua.

Basi siku moja akaniita, ameshika faili yangu.

"Wewe ni fundi wa maji?"

Nilidhani bomba la jikoni limepasuka. "Kidogo, bosi."

"Yalla, washa gari."

Tuliendesha kama saa nzima kutoka mjini mpaka kwenye shamba la ukoo wao. Mitende nusu imekauka, nyumba ya udongo imelala ubavu mmoja. Katikati kuna kisima kipana, lori linaweza kutumbukia humo na dereva wake. Juu ya kisima kulikuwa na nguzo mbili za mbao zilizopinda, na chini, kwenye mchanga, gurudumu kubwa la mbao lenye mikono iliyovunjika, kama mbavu za ng'ombe aliyeliwa na fisi. Kando yake pampu ya umeme ilikuwa inanguruma. Bomba linatoa maji safi, yanaenda kwenye mitende.

Nikaangalia pampu. Nikamwangalia bosi.

"Bosi, maji yapo."

"Najua."

"Sasa shida ni nini?"

Akaonyesha lile gurudumu kwa kidole. "Hiyo."

Akanieleza, nusu Kiarabu, nusu Kiingereza. Kitu hicho wanakiita saniya. Zamani kila shamba la huko lilikuwa nayo. Kamba inapita juu ya gurudumu, upande mmoja imefungwa mfuko mkubwa wa ngozi ulio kisimani, upande mwingine imefungwa mnyama. Mnyama akiteremka kwenye njia yenye mteremko, mfuko unapanda na kujimwaga kwenye birika. Akirudi juu, mfuko unashuka. Hivyo hivyo tangu alfajiri mpaka jua kali. Na aliyekuwa anatembea nyuma ya mnyama, utotoni, ni babake bosi.

Huyo mzee sasa alikuwa Jeddah kwa binti yake, macho yamekwisha. Kila mara shamba likitajwa, anauliza kama saniya bado inazunguka. Nao kwa miaka mingi wamekuwa wakimjibu, inazunguka, baba. Sasa amesema anataka kuja.

"Nimemdanganya babangu," bosi akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea kwa sauti ile. "Sasa lazima uongo uwe kweli. Fundi nimempata. Wewe utamsaidia. Babangu akija akiridhika, siku ya pili napeleka pasipoti yako. Likizo miezi miwili. Wallahi."

Nikasema sawa. Kwa miezi miwili nyumbani ningekubali kutengeneza hata mwezi wenyewe.

Lakini sikuelewa. Nilimwuliza maji yakishapanda yataenda wapi, maana mitende ilikuwa na bomba lake. Akasema yatapita kwenye mfereji yarudi kisimani. Nikauliza tena, nikidhani Kiarabu changu kimenipiga chenga. Yatapanda, yatamwagwa, yatarudi? Ndiyo. Sasa yanapanda kufanya nini? Akawasha sigara.

Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Kisiagi cha babu kilisaga mahindi ya kijiji kizima, maji ya mto yakisukuma gurudumu, mpaka siku mtu alipoleta kisiagi cha dizeli pale sentani, penye maduka. Mwaka mmoja tu, babu hakuwa na mteja. Watu walibeba mabati, wakabeba mbao, jirani akalikokota jiwe la kusagia akaliweka mlangoni pake la kukanyagia. Hakuna aliyelia, hata babu mwenyewe. Nilidhani hivyo ndivyo mashine zinavyokufa duniani kote.

Fundi alitoka Jeddah. Alikuwa Mzanzibari, wazazi wake walihamia huko baada ya mapinduzi yeye akiwa bado ananyonya. Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza zile roshani za mbao za nyumba za kale za Jeddah. Alishuka kwenye gari ameshika kiuno, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye fundi wa maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Mzee ni babako. Mimi niite ami. Na umesoma wapi ufundi?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu alikuwa ananiuliza kwa Kiswahili na sikuweza kujificha nyuma ya lugha. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kisima.

"Mshika gunia! Haya bwana. Basi leo utashika mbao."

Tangu siku hiyo hatukuacha kutaniana. Yeye alisema Kiswahili changu cha bara ni mchele ambao haujachaguliwa, una mawe. Mimi nikamwambia chake kinatembea na slipa. Tulichogombania kwa kweli ni mwendo. Mimi nilikuwa na haraka. Kwangu dawa ilikuwa rahisi: nunua mbao mpya, kata na mashine, pigilia, Jumamosi kwisha. Yeye alipanga kila kipande cha zamani juu ya mkeka, akakiandika namba kwa chaki, kisha akaanza kukigonga kimoja kimoja na kusikiliza kama daktari. Kilichokuwa kizima alikirudisha mahali pake pale pale. Kilichokuwa kimeliwa na wadudu alikata sehemu iliyoliwa tu, akaunga na kipande cha mti ule ule, athli, mti wao wa jangwani. Alipoteza asubuhi nzima kwa mkono mmoja wa gurudumu.

"Ami, huo umeoza."

"Umeoza nusu. Na wewe umesoma nusu, mbona hatujakutupa?"

"Lakini mpya si ungekuwa na nguvu zaidi?"

"Ungekuwa na nguvu. Usingekuwa huu."

"Sasa nani atajua?"

Akaomba chai.

Wiki ya tatu tukalipandisha. Bosi alikuwa amekodi punda kwa mfugaji wa jirani, nikamfunga kamba, nikamwongoza kuteremka. Gurudumu likaanza kuzunguka, na hapo likalia. Sijui nilifananishe na nini. Ilikuwa kama ng'ombe na mtoto mchanga wanalia pamoja, mmoja chini, mwingine juu. Punda mwenyewe alisimamisha masikio. Mfuko wa ngozi ukatoka kisimani unachuruzika, ukajimwaga kwenye birika, na yale maji yakaenda zake kwenye mfereji kurudi yalikotoka. Bosi alirekodi kwa simu, akamtumia dadake Jeddah. Ami alikuwa anatabasamu huku anajikanda mgongo.

"Nimemaliza," akaniambia wakati nampeleka uwanja wa ndege. "Usiliguse."

Hakusema kwa nini. Mimi nilielewa kwamba nisilivunje.

Mzee alikuwa anakuja Ijumaa. Bosi akaniambia nifanye mazoezi na punda mpaka aijue njia. Siku mbili nzima nilipanda nikishuka na kile kilio. Kiliingia kwenye meno. Na kila kikilia nilimsikia babu yangu. Babu alikuwa na mkebe wa mafuta ya ng'ombe kwenye kona ya kisiagi, na alikuwa na sheria moja tu: mhimili unaolia unajila. Siku moja nilisikia ukilia nikanyamaza, nikiendelea kushika gunia langu, akanizaba kofi la kisogoni ambalo nalikumbuka hadi leo. Ndio somo pekee la ufundi nililowahi kufundishwa. Sasa hapa nimepewa gurudumu, limeachwa mikononi mwangu, linajila mbele ya macho yangu siku moja kabla mwenyewe hajaja. Nikaenda duka la spea nikanunua mkebe wa grisi. Nikapaka kwa vidole, mhimili wote, ule mti wa katikati ya gurudumu, pande zote mbili. Nikangoja uingie. Nikapaka tena.

Likanyamaza kimya. Lilizunguka laini kama gari jipya. Nilisimama pale peke yangu na punda, mikono myeusi, nikajisikia fundi kwa mara ya kwanza. Nilimwambia punda, "Umeona?"

Ijumaa magari yakajaa. Mazulia yakatandikwa, kahawa ikazunguka, ndugu zake bosi, wajukuu, wote. Mzee wakamketisha karibu kabisa na kisima. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa miwani myeusi, akaipapasa nguzo kwa kiganja juu mpaka chini kama unavyopapasa shingo ya mnyama wako. Bosi akanipa ishara. Nikamsukuma punda. Tukateremka, mfuko ukapanda, maji yakamwagika vizuri sana. Watu wakapiga makofi, simu zote juu. Tukarudi, tukateremka tena.

Mzee alikuwa anangoja.

"Yalla," akasema. "Anzeni."

Bosi akainama. "Imeshaanza, baba. Inazunguka."

Mzee akageuza uso upande wa gurudumu. Akasikiliza. Nikateremka na punda mara ya tatu, mdogo mdogo.

"Nani amelala?" mzee akauliza.

Mjukuu mmoja akacheka akafinywa. Bosi akatoa simu akatafuta ile sauti aliyorekodi, akamwekea baba yake sikioni. Mzee akasikiliza kidogo tu, akaisukuma kwa mkono.

"Hiyo ni simu."

Kisha akaomba apelekwe kwenye gari. Hakuwa na hasira, hakumlaumu mtu. Alisema amechoka, wampeleke.

Bosi alinijia ananuka kahawa na iliki. "Umefanya nini?"

"Nimepaka grisi, bosi. Ilikuwa inalia."

"Nani alikuambia isilie?"

Ningesema nani, marehemu babu yangu? Akanieleza akiwa amefumba macho, kama mtu anayeumwa kichwa. Kilio ndicho chenyewe. Kila saniya ilikuwa na kilio chake na bonde lote lilijua hii ni ya nani. Babake akiwa mtoto alikuwa anatembea nyuma ya ngamia tangu alfajiri, na mamake alikuwa jikoni anakanda mkate huku sikio liko kisimani. Sauti ikikatika, alijua mtoto amelala njiani, anatoka na kandambili. Hiyo "nani amelala" ilikuwa kauli ya mama yake mzee.

"Likizo mafi, hakuna," bosi akamaliza. "Mpaka ilie."

Nikaosha mhimili kwa petroli. Nikausugua kwa mchanga, nikaweka majivu. Ukatoa sauti moja ya kukwaruza, kama mzee mwenye kikohozi, ukanyamaza tena. Nikampigia ami.

"Umetia mafuta?" Nilimsikia anaketi. "Ewe mwana wee! Mti umeshakunywa huo. Utanuka gereji mpaka kiama."

"Sasa nifanyeje, ami?"

"Ulete kwangu. Na gurudumu lote. Mgongo wangu haupandi ndege tena kwa ajili ya mshika gunia."

Bosi akasema umeharibu wewe, peleka wewe. Basi nikafunga gurudumu nyuma ya pikapu, mhimili nikaulaza ndani ya gari, na baada ya alfajiri nikashika barabara ya Jeddah. Ile barabara haina mwisho. Ukikaribia Makka kuna kibao kikubwa kinachosema Waislamu wapite huku, wengine wapite kule. Mimi ni wa kule. Nikazunguka na gurudumu langu milimani, nikijiuliza kama kuna Mkenya mwingine aliyewahi kuipita njia hii amebeba sauti iliyokufa.

Karakana ya ami ilikuwa chini ya nyumba yake, mtaa wa Safa, imejaa vipande vya roshani. Alinusa ule mhimili akatikisa kichwa, akauweka kando bila kuutupa, akauandika namba kwa chaki. Kisha akaanza kuchonga mwingine. Siku tatu. Safari hii nilikaa nikaangalia, na sikumharakisha sana. Alipomaliza akaupachika, akazungusha kwa mkono. Ukalia.

"Sasa ndio ile sauti?" nikauliza.

Akajikuna ndevu. "Mimi najuaje?"

"Lakini ami, kule shambani ulitabasamu!"

"Nilitabasamu kwa sababu ililia. Kama ndiyo yake, sijui. Nilibahatisha." Akafuta patasi kwenye kikoi. "Anayeijua ni mtu mmoja tu, na yuko Hamra kwa binti yake. Washa gari."

Mpaka leo hilo linanichanganya. Mtu aliyehangaika na kila ukucha wa mbao, anaandika namba mpaka kwenye takataka, hakujua kitu kikuu kabisa.

Tukalisimamisha gurudumu uani kwa yule binti, juu ya jozi mbili za mbao zilizopishana kama msalaba. Tulipitisha kamba juu yake, na upande mmoja tukafunga ndoo ya mchanga ili gurudumu lihisi uzito. Ilikuwa baada ya swala ya asr. Mzee akaletwa na kiti chake. Nikavuta kamba.

"La," akasema.

Ami akavua, akakwangua kidogo, akapachika. Nikavuta.

"Huyo ni wa majirani," mzee akasema.

Ami akaniangalia. Mimi nikamwangalia ami. Hatukujua ni utani au vipi. Akakwangua tena. Huyo, mzee akasema, ni mgonjwa. Ami akaongeza mchanga kwenye ndoo. Huyo, mzee akasema, ni wa wakati wa mvua, mbao imevimba, ni yake lakini si ya siku njema. Niliacha kuuliza. Mikono ilikuwa inawaka moto. Mara ya saba au ya nane, nikavuta, na gurudumu likatoa sauti ambayo kwangu haikuwa tofauti kabisa na zile za mwanzo.

Mzee aliinuka. Akaanza kutembea, hatua fupi mbele, akageuka, hatua fupi nyuma, fimbo ameibeba begani, anamwita ngamia kwa neno ambalo hata binti yake hakulijua. Nikaendelea kuvuta. Nilipochoka nikaachia kamba kupumzika.

"Nani amelala?"

Lakini safari hii alikuwa anacheka. Nami nikacheka, sijui kwa nini, na nikavuta tena.

Shida mpya ikazaliwa hapo hapo. Bosi akapiga simu: rudisha gurudumu shambani, Jumamosi anakuja na wageni. Mzee akasema gurudumu halitoki hapa. Bosi akasema kisima kitabaki uchi. Mzee akasema kisima kimekaa uchi miaka yote ile mkinidanganya, kitazoea. Ami naye alikasirika vibaya. "Gurudumu bila kisima ni nini? Kabati?" Akaondoka bila kumaliza chai, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuona. Nilijaribu kufikiria nani yuko sawa. Kule Riyadh nilikuwa na kisima kizima, maji na punda, mzee hakuona kitu. Hapa hakuna hata tone la maji, kuna ndoo ya mchanga na Mkenya, na ameridhika. Kama tumeliokoa lile gurudumu au tumeliua mara ya pili, sikuweza kusema.

Lakini neno moja nililijua, nikalishika. Nikampigia bosi mwenyewe.

"Bosi, ulisema baba akiridhika. Ameridhika."

Nikasikia watoto wake nyuma, na mtu akiwaendesha shule ambaye si mimi.

"Na shamba?"

"Shamba lina pampu, bosi."

Nilidhani ameshakata simu. Kisha nikasikia pumzi. "Halas, basi," akasema. "Pasipoti nakutumia."

Ilikuja baada ya siku tano, ikiwa na viza ya kutoka na kurudi. Siku hizo tano nililala chumba cha dereva pale Hamra, kilichokuwa kitupu, na kila baada ya asr nilivuta kamba. Ami alirudi siku ya tatu, akajifanya amesahau patasi. Aliketi kando ya mzee akasikiliza, akasema kwa Kiswahili, bila kuniangalia, kwamba mkono wa nne una ufa na lazima aje tena kuuangalia.

Siku ya kuondoka gari la kunipeleka uwanja wa ndege lilikuwa limeshafika. Begi liko mlangoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kama kawaida.

"Ukienda, nani atazungusha?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli. Madam wa pale, binti yake, alikuwa bado hajapata dereva, na sikuwahi kuona mtu mwingine wa nyumba ile akiigusa kamba.

Akatikisa kichwa polepole. "Nenda," akasema. "Mama anasikiliza."

Sikujua anaongea nami, au anaongea na yule mtoto aliyelala nyuma ya ngamia. Nilitaka kuuliza lakini Kiarabu changu hakikufika huko. Nje gari likapiga honi mara ya pili. Nikalegeza kola ya shati, nikaishika kamba, nikavuta tena kidogo.